Siku Tisa Katika Sura Moja: Kwa Baba Yetu, Ainea Lumbasi

Mwaka mmoja umetimia, Baba, tangu ututoke, na hadi leo simu ikilia jioni Mama hushtuka kabla hajaona ni nani.

Kwa miaka kumi na minne ulikuwa fundi wa visima Elwak, mbali kule kaskazini mashariki mwa nchi. Pampu ikikwama huko malishoni ulifuatwa hata siku ya mapumziko, na hukuwahi kuwaambia wenye mifugo "njooni kesho." Nyumbani Malava ulirudi mara mbili kwa mwaka, mikono ikinuka grisi, umebeba tende na chupa mpya ya chai ingawa ya mwaka uliopita ilikuwa bado nzima.

Njia ndiyo iliyotutisha. Tulikuwa tukisikia habari za mabasi kusimamishwa na wenye bunduki, abiria wakiulizwa dini yao. Siku ya safari ya kuja nyumbani Mama hakutia kitu kinywani mpaka uvuke daraja la Tana pale Garissa na upige simu: "Nimevuka, Mama Truphosa. Kula sasa."

Basi wewe na Mama mkafanya agano. Kila jioni, wewe kule na sisi huku, tungesoma sura moja ya Neno, ile ile, tukutane humo maadamu hatuwezi kukutana mezani.

Kisha mlingoti wa simu ukalipuliwa, na Elwak ikanyamaza. Mvua nayo ikakata barabara. Jioni ile tulisoma zaburi ya mtu aliyeogopa hata kufumba macho. Kesho yake Hezron akataka kwenda kwenye sura inayofuata. Mama akaweka kiganja juu ya kitabu.

"Usimwache baba yako nyuma."

"Lakini Mama, tulikubaliana sura moja kwa siku. Yeye atakuwa ameshasonga mbele."

"Na kama ameshindwa kusoma? Tumwache peke yake humo?"

Tulibaki hapo siku tisa. Siku ya kumi mtandao ukarudi, simu ikaita kwa namba yako, na sauti haikuwa yako. Ilikuwa ya Rukiyo, mwenye nyumba uliyopanga. Alisema ni nimonia, na kwamba ulipumzika alfajiri. Mama alimshukuru, akakata.

Hakuuliza zaidi, na mwaka mzima hakuuliza. Aliogopa jibu. Mara moja tu, akichambua mboga, alituambia: "Nilivunja agano. Alikuwa anaendelea akidhani tuko naye, kumbe hatupo. Amekufa peke yake, na mimi ndiye niliyemwacha." Tangu mazishi kitabu hakikufunguliwa tena mezani kwetu.

Wiki iliyopita Rukiyo alipiga kutujulia hali. Mama alishika simu kwa mikono miwili, na safari hii akauliza.

"Siku zile za mwisho, alikuwa anasoma?"

"Mimi ndiyo nilikuwa nasoma, Mama Truphosa. Yeye mkono hana nguvu. Nikamwambia, 'Fundi, mimi Muislamu, unanipa hii kitabu?' Akacheka mpaka akakohoa. 'Soma tu, dada yangu. Ni Kiswahili, haiumi.'"

"Ukamsomea nini?"

"Ile ya mtu anaogopa, hapati usingizi. Kesho, hiyo hiyo. Kesho kutwa, hiyo hiyo! Nikasema, 'Fundi, kitabu nzito hivi, umekosa ingine?' Akasema, 'Nyumbani bado wako hapa.' Nikamuuliza, 'Umejuaje, na mtandao hakuna?' Akasema, 'Mke wangu namjua. Akiogopa hasogei. Siwezi kwenda mbele nimuache.'"

Mama akaikaza simu sikioni.

"Hata siku ya mwisho?"

"Hata hiyo. Wallahi, siku hiyo sikufungua kitabu. Nilikuwa nimeshaishika kwa kichwa."

Mama alicheka, Baba. Alicheka huku machozi yakimtiririka, akasema, "Huyo mzee!" kama vile ulikuwa umeingia na chupa nyingine ya chai. Jioni hiyo alituita mezani. Alifungua kitabu pale tulipoachia, akaweka kidole kwenye ukingo wa karatasi. Kisha akageuza, akasoma sura inayofuata, na ni ndefu mno. Hezron alisinzia. Mama hakuruka hata mstari mmoja.

Hofu haijatutoka. Truphosa amepata kazi ya uuguzi Mandera, anasafiri Jumatatu, na Mama ameanza tayari kukosa hamu ya kula. Lakini amemwekea kitabu kwenye sanduku, juu ya nguo zote, akamwonyesha tulipofika.

Unakumbukwa na mkeo Rodah Nanzala; wanao Truphosa, Hezron nami ninayeandika haya; kaka yako Zablon; washirika wa kanisa la nyumbani; na Rukiyo wa Elwak, aliyeomba jina lake lisisahauliwe hapa.

Sote, Baba, popote tulipo, jioni hii tuko nawe katika sura moja.