Fataki Tulizoziacha Kitale

Harjit, rafiki yangu,

Kwetu Kimilili mtu akifa anazikwa nyumbani, na ukitaka kusema naye unajua pa kwenda kusimama. Wewe tulikuchoma pale Kitale kwa desturi yenu, baba yako akapeleka majivu mtoni. Sina pa kusimama. Ndiyo maana nakuandikia, nikiwa katika chumba cha walimu hapa Bungoma.

Bado sijalia. Watu wanasema nimejikaza. Nafundisha, nasahihisha madaftari, nakula. Juzi nilimaliza kikombe cha chai ndipo nikagundua sikutia sukari.

Nataka kusema juu ya zile fataki za kuomba msaada ziwani. Tulizimwaga kwenye kaunta ya duka la baba yako pale Kitale, siku moja kabla ya kwenda kuvuka Ziwa Turkana na kayaki zetu, vile vimtumbwi vyembamba vya mtu mmoja. Mkebe usioingiza maji ulitoshea nne tu. Wewe ulitaka roketi mbili, zile za kupaa na kuwaka nyekundu, na mbili za moshi. Mimi ndiye niliyebisha. Nilisema tutapiga kasia mchana, na mchana mtu huona moshi. Mwalimu wa fizikia; nikachora hata picha. Ukacheka, "Haya bana, mwalimu amesema." Ukapakia nne za moshi. Roketi zikabaki dukani.

Asubuhi ile upepo ulituamkia tukiwa mbali na ufuo. Mawimbi yakatutenganisha. Mimi nilisukumwa mpaka mchangani. Nikageuka, sikukuona.

Mvuvi mmoja alituambia baadaye kwamba aliona kitu cha rangi ya chungwa kimelala juu ya maji, akadhani ni vumbi. Ulikuwa moshi wako, Harjit. Upepo uliulaza. Mkebe tuliukuta umefungwa kwenye kayaki yako iliyopasuka. Ulikuwa mtupu. Ulikuwa umewasha zote nne.

Sikumwambia mtu. Hata wazazi wako, walioniita mtoto wao siku ya kukuaga.

Jumamosi dada yako Manjit alikuja hapa. Ameziba ufa wa kayaki yako na anataka kuvuka pale pale. Alifungua mfuko wa fataki mezani kwangu, akasema, "Wekesa, nisaidie kuchagua." Sikuweza kuzigusa. Nikamwambia yote, nikiangalia sakafu.

Akasema, "Najua. Harjit aliniambia siku ile ile mlipopakia, akikucheka. Si ndiyo maana nimekuja kwako? Wewe huwezi kukosea mara ya pili."

Basi tukachagua. Tulisoma tarehe ya kuharibika kwenye kila moja, tukaweka kando mbili zilizopitwa na tarehe. Roketi tatu, mbili za kuwaka ukizishika mkononi, moja ya moshi. Nikamwambia roketi azivae kifuani, kwenye jaketi la kuelea, maana kayaki inaweza kumponyoka. Akaandika.

Alipouliza kama nitakaa ufuoni kumwangalia, nilisema hapana.

Nimeazima kayaki. Sijaingia majini tangu ufe, na ningependa kukuambia naogopa, lakini sisikii kitu. Pengine hofu itakuja huko huko.

Kwaheri, ndugu yangu. Nitapiga kasia kando ya dada yako, na upepo ukianza tutageuka, hata kama ng'ambo tunaiona.

Wekesa