Sumaku ya Mfukoni

Mohamadi, kaka yangu Karimu ameanguka pale dukani kwangu pa kutengeneza redio, Ngagara. Tuko hospitali. Bado hajafungua macho.

Unajua ana mashine ya moyo kifuani, chini ya ngozi. Moyo ukienda vibaya, inaupiga shoti. Alikatazwa kukaribia umeme. Mimi sikumruhusu hata kugusa soketi! Nilimpa kazi ya kufungua redio mbovu tu.

Na sumaku. Ile ya spika, tunayoweka mfukoni mwa shati ili skurubu zisipotee. Mfuko wa kushoto, Mohamadi. Juu ya mashine.

Nesi alipomvua shati, sumaku ikatoka kifuani, papo hapo mashine ikampiga shoti. Mwili wa kaka ukaruka pale kitandani. Daktari akaitoa sumaku mfukoni, akanitilia mkononi. "Nani alimupa hii? Imezuia mashine kufanya kazi!"

Nikamwambia, "Docteur, mulikataza umeme. Hii haina waya."

"Mzee, ni kitu kimoja. Umeme ukitembea unazaa sumaku. Sumaku ikitembea inazaa umeme. Hata mwanga wa hii taa ni umeme na sumaku zinasafiri pamoja. We ulimukinga na jina la umeme tu."

Na jina tu! Miaka yote hii nashika waya na sumaku kwa mkono mmoja.

Sasa mke wake, Waridi, amefika. Amenishika mikono mbele ya watu wote. "Asante shemeji. We ndiye ulimuweka mbali na umeme."

Sumaku iko mfukoni mwangu. Sijamwambia.