Barafu Ilikuwepo

Dada Zuhura, shikamoo. Huku Moshi mvua haikatiki na mlima bado sijauona. Nawaona ng'ombe wa vihambani tu, kwenye migomba ya watu, maana tunachunguza bakteria wa kinyesi chao.

Juzi nilipima RNA ya ribosomu, ile mitambo ya seli ya kutengenezea protini. Kwenye picha ya kipimo, palipotakiwa mstari mmoja mkubwa ikaja miwili midogo. Nikasema imeharibika, na mbele ya watu nikamlaumu Mzee Elia wa maabara kwamba aliiacha nje ya barafu. Mchana aliniletea mtori wa ndizi kama kawaida, akaenda kula peke yake.

Leo bosi kaangalia, akacheka. Jeni ya bakteria hawa ina kipande cha ziada katikati. Wanakikata, wanakitupa, na ncha hawaziungi tena. Mtambo unafanya kazi hivyo hivyo na vipande vyake viwili. Kilichoharibika ni heshima yangu tu.

Mama wa chai akaniambia kwa Wachagga samahani tupu haitoshi. Unakwenda na jani la isale, na unayempelekea hakatai. Nikachuma uani. Mzee Elia akaligeuza pande zote mbili, akasema, "Yamekwisha. Lakini barafu ilikuwepo."

Nilichuma mawili. La pili nakuletea wewe, nimelibandika hapa chini. Ile sufuria ya marehemu mama niliiunguza mimi. Nilikusingizia mbele ya ukoo mzima, ndiyo maana nimeandika kwenye kadi isiyo na bahasha, kila mtu aisome.

Wabusu watoto.

Mdogo wako,
Saumu