Jike la Nyani na Kitufe

Jumatano, 2 Mei 1973
Dokta Othmar, mtafiti wa ubongo, kaenda Songea. Kaniachia kizimba, jike la nyani na mwanawe mchanga, na onyo moja: kidude cha kitufe nisikiguse. Mimi ndiye Bwana Mifugo wa kijiji kisicho na ng'ombe — sasa nalisha nyani.

Jike ana nyaya nyembamba kama nywele, zimepenya fuvu hadi kwenye ubongo. Zipo za kusikiliza: kalamu za mashine zinachora vilima, kama milima ya Umatengo. Zipo za kuamrisha: hizo ndizo za kitufe. Hakuna aliyenifundisha. Nimechungulia.

Alhamisi, 3 Mei
Nimegusa.

Wanawake walikuwa wanatoka zamu ya kulinda mahindi ya kijiji, wamevaa makoti ya waume zao — nyani hamwogopi mwanamke, lakini akiona koti la kiume hukimbia. Vitalia, mmoja wao, akauliza kama Serikali ilinisomesha ili niwamenyee nyani ndizi. Wakacheka wote. Nikataka kuwafumba midomo. Nikabonyeza.

Jike alikuwa ananyonyesha. Akamtazama mwanawe kama mzigo ulioachwa na mtu mwingine. Akamsukuma. Mtoto akarudi; mama akamng'ata mkono.

Kicheko kikaisha. Ningeweza kuishia hapo. Nikabonyeza tena, waone vizuri. Na tena.

Ijumaa, 4 Mei
Leo sijabonyeza, lakini jike bado hamtaki. Mtoto nimemtoa. Amelia hadi sauti imekauka. Maziwa ya kopo anatema.

Akaja Mama Bonifasia, mjane ambaye nyani walimmalizia shamba zima mwaka juzi. Shikamoo yangu akaiitikia huku anamtazama mtoto, si mimi. Akavua koti la marehemu mumewe, akampakata mtoto, akamlambisha maziwa kidoleni. Nikasema nilidhani anawachukia nyani.

"Nawachukia wakiwa na akili zao," akasema. "Mama wa huyu mmemwondolea zake."

Jumapili, 6 Mei
Wakristo wako misani, isipokuwa Mama Bonifasia. Alimrudisha mtoto kupitia kidirisha cha chakula. Jike akamnusa. Akageuka. Akamnusa tena — akamvuta kifuani. Ananyonya! Nikaenda nyuma ya nyumba kupenga kamasi. Vumbi.

Jioni Dokta karudi. Vitalia kamweleza yote, na mbwembwe zake. Nilikuwa tayari kufukuzwa. Badala yake Dokta akanipa mkono! Hilo ndilo alilokuwa analitafuta, kasema. Kesho tutarudia, yeye na kamera. Kutwa nzima.

Heri angenifukuza.

Jumatatu, 7 Mei
Alfajiri nilitoa betri za kidude, nikazitia kwenye redio yangu, ambayo ilikuwa bubu tangu Pasaka; zake zilizokufa nikazitia kwenye kidude. Dokta kabonyeza — wapi! Jike anaendelea kunyonyesha. Dokta kasema betri zimekufa, itabidi kungoja meli ya ziwani ilete nyingine kutoka Mbamba Bay. Nilisikitika naye, vizuri sana.

Kisha akakumbuka. "Lakini wewe una redio."

Nikamwambia naenda nyumbani kuitazama. Ndiko niliko, redio mapajani, naandika. Dokta ameshaita mara ya pili. Dirishani namwona Mama Bonifasia, kasimama kati ya mlango wangu na kizimba. Haangalii kizimba. Ananiangalia mimi, huku anafunga vifungo vya koti, kama anayeingia zamu.