Vitu vya Mbombo Darini

Jumanne, 1 Septemba 1992
Nimemaliza dari ya atelie yangu ya useremala! Mbao zangu zote ziko juu, zimelala kwenye boriti. Sakafu naiona tena. Mke wangu Georgette ananicheka: dari kubwa, kazi hakuna. Kweli. Tangu kiwanda cha mji kisimame, nani anatengenezesha kabati?

Alhamisi, 3 Septemba
Wakasai wote wa mtaa, watu wa asili ya Kasai, wanafukuzwa. Wanaambiwa wakangoje treni kituoni, warudi kwao. Kwao wapi? Jirani yetu Mbombo alizaliwa hapa hapa Likasi! Amekuja na cherehani yake, mumewe nyuma na kitanda. Kituoni wanaiba.

"Papa Théophile, utuchungie hii bintu. Train ikifika, nitakuya kuikamata. Bila machine, kule tutakula nini?"

Nimevipandisha kwa kamba. Halafu nikaandika MBOMBO kwa chaki upande wa chini wa kitanda, kama ninavyofanya kwa mbao za wateja, jina lisomeke bila kupanda. Kazi safi.

Jumatatu, 7 Septemba
Mjinga mimi! Vijana wanapekua nyumba kwa nyumba, fimbo mkononi, wakitafuta vitu vya Wakasai. Mkubwa wao ni Rolly — nilimbeba huyu akiwa mtoto. Akainua macho, akasoma.

"Papa, hii bintu ni ya nani?"

"Njo yangu."

Nikaongeza kwamba vitu ni vyangu sasa, mwenyewe kaenda, nami nimechukua. Wakacheka, wakanipiga mabega. "Papa njo muntu yetu!" Nikacheka nao. Mpaka sasa naona haya.

Jumatano, 9 Septemba
Uvumi umefika kituoni. Jirani Angèle, anayepeleka bukari, yaani ugali, kule, amemkuta Mbombo analia: hata Papa Théophile ametuibia! Nikamwomba Angèle amweleze kwamba nilidanganya ili kuviokoa. Akachukua sufuria yake, akaenda. Haniamini hata yeye.

Jumamosi, 12 Septemba
Treni imefika, inaondoka leo mchana. Mbombo hakuja. Angekujaje?

Nimeteremsha cherehani, nimeitia ndani ya gunia, nimeifunga kwenye baiskeli niipeleke kituoni. Nafungua mlango — Rolly na wenzake wako uani! Na friji, na magodoro, na sufuria za watu. Papa, anasema, weye iko na nafasi mingi kule juu, utuwekee. Georgette ananivuta shati: pokea, tuna watoto.

Nimewaambia natafuta kamba. Naandika nimesimama, baiskeli mbele yangu. Nikitoka na gunia hili, watajua nilidanganya; nikibaki, Mbombo ataondoka bila cherehani. Treni inapiga honi. Rolly ameshaingiza friji, anauliza waivute kutoka upande gani.