Chiriku na Goti la Mama Mkwe

Wewe kinyozi, weka mashine chini usome hii. Nimeaibika mpaka nikacheka!

Mama mkwe amekuja leo. Ndiyo kwanza anaonja chai, binti yangu Chiriku akamsogelea, akamfokea: "Toka hapo! Nani kakuruhusu?"

Mama mkwe, kaka! Kikombe kikabaki hewani. Mke wangu alitamani ardhi ipasuke immeze.

Unajua usonji wa binti yangu, sentensi moja anairudia kutwa. Sisi tulidhani anakariri tu kama redio. Lakini leo nikaona ameshika shavu.

Nikakumbuka: hayo ni maneno yangu! Nilimfokea hivyohivyo karakanani, siku aliyogusa chuma nilichotoka kukichomelea akaungua kidole. Nikampuliza mpaka akanyamaza.

Nikamwambia Chiriku, "Hebu fungua mdomo, mama." Jino la nyuma limeoza, fizi imevimba!

Alikuwa anasema anaumwa! Muda wote huo anatuambia, na sisi tunamgombeza eti hana adabu!

Nikamweleza mama mkwe. Akajiinua ili amwone huyo mtoto vizuri, goti likamkamata, akaguna: "Toka hapo! Nani kakuruhusu?"

Kaka, Chiriku akamkimbilia, akainama, akalipuliza lile goti. Fuu! Fuu!

Kesho asubuhi nampeleka kwa daktari wa meno. Hapa nacheka peke yangu kama chizi.

Na mama mkwe anasema goti la pili nalo limeanza kuuma.