Harufu ya Senene Wakati wa Kiangazi

Mama, shikamoo hapo ulipo kati ya migomba.

Nakuletea habari za baba. Yuko hai na anakula vizuri. Natanguliza hilo ili mengine uyasome bila wasiwasi.

Ilianza kiangazi, miaka mitatu baada ya kukuzika. Kahawa ilikuwa juani kwenye mikeka, baba akiigeuza kwa reki. Akasimama. "Mbona mnakaanga senene?" aliuliza. Hapakuwa na hata panzi mmoja wa aina hiyo Rugu nzima. Mvua zao zilikuwa mbali. Niliingia jikoni kuhakikisha, nikagusa majivu kwa mkono. Yalikuwa ya baridi. Nilipotoka nilimkuta ameukazia macho mlango wa jikoni, midomo ikimchezacheza, vidole vikivuta kifungo cha shati. Kisha akaomba maji.

"Mama yako yumo humo," alisema. "Amenipa mgongo."

Ilijirudia, mara nyingi mchana kweupe. Mwanzoni shangazi alicheka. "Wifi yangu? Alipokuwa hai tulisinzia tukingoja chakula chake. Leo ndiyo kawahi jikoni?" Siku baba alipoanguka kwenye mikeka ya kahawa, aliacha kucheka.

Tulimpeleka Dar es Salaam. Picha za kichwa zilionyesha uvimbe mdogo, wa aina ambayo daktari alisema huiona kwa nadra sana. Ulikuwa ndani kabisa, usawa wa sikio, karibu na sehemu za ubongo zinazoshughulika na harufu na kumbukumbu. Kupasua kulikuwa hatari. Angetumia mionzi: miale myembamba kutoka pande nyingi, kila mmoja dhaifu ukiwa peke yake, yote ikikutana kwenye uvimbe. Hakuahidi kuuondoa. Alitaka kuuzuia usikue, kwa sababu ukiachwa ungechukua macho ya baba, kisha miguu, kisha pumzi.

Niliyaandika yote. Harufu ilikuwa na maelezo, na kuonekana kwako kulikuwa na maelezo. Mimi nilitulia. Baba hakutulia.

"Daktari, mkichoma hapo, yule mwanamke atakwenda wapi?"

"Mzee, yule si mtu. Ni ugonjwa."

"Ugonjwa unaotafuna kwa kujificha?"

Daktari alinitazama. Nilimuuliza baba huyo mwanamke anatafuna nini.

"Senene. Anawaficha shavu la kushoto, mkono mdomoni kama anayefuta jasho."

Desturi ya kwetu unaijua, mama. Wanawake tuliwakamata senene, tukawachambua mabawa na miguu, tukawakaanga. Wanaume ndio waliokula; kwetu sisi ilikuwa mwiko. Na unajua tulivyofanya mimi na wewe, mlango umerudishwa, sufuria bado iko motoni. Ulinipa wa kwanza, nawe ukatafunia kushoto kwa sababu magego ya kulia yalikuwa yameng'oka. "Polepole," ulininong'oneza. "Baba yako ana masikio." Hatukumwambia mtu.

Nilimuuliza kama aliwahi kukuona ukiwala. "Alipokuwa hai? Kamwe. Mke wangu hakula senene." Kazi yangu ya gazetini imenikutanisha na waongo wengi. Baba hakuwa anadanganya.

Alikataa matibabu. Nilimkumbusha kuhusu macho, miguu, pumzi. "Nimesikia," alisema. "Lakini siwezi kumzika mara mbili." Kesho yake, tukiwa kwenye chakula cha mchana, harufu ikamjia. Kijiko kilibaki hewani. Ilipopita alikuwa na machozi, akavaa viatu. "Twende," alisema. Nilimuuliza, "Umemwambia nini?" Alikuwa ameshafika mlangoni.

Hospitalini walilainisha plastiki yenye matundu kwenye maji ya moto, wakamfunika nayo usoni mpaka ikakauka ikiwa na sura yake, pua na taya vilevile. Wakaibana kwenye meza ili kichwa kisisogee. Kisha sote tukatoka, na mlango mzito ukafungwa. Kwenye skrini nilimwona peke yake, mashine ikimzunguka bila kumgusa. Chini ya ule wavu midomo yake ilikuwa inachezacheza.

"Anaongea na nani?" aliuliza mtaalamu wa mionzi.

Nilimwambia anasali.

Baba aliiomba ile barakoa, akarudi nayo nyumbani, akaitundika ukutani jikoni, pale ulipopenda kusimama. Ukiingia ghafla unaona uso wake, hauna mtu ndani. "Ondoeni hilo chujio," anasema shangazi, "kuku wameacha kutaga." Baba hataki liguswe.

Harufu ilififia mwezi baada ya mwezi, kisha ikakoma. Picha za karibuni zinaonyesha uvimbe umetulia.

Juma hili senene wameanguka. Nilinunua sokoni Bugene, nikawachambua, nikawakaanga kwa chumvi na kitunguu, nikampelekea baba barazani. Alisema hasikii harufu yoyote. Alikaa na bakuli mapajani, halafu akanijibu lile swali la Dar es Salaam.

"Siku ile aligeuka. Alikuwa anatafuna mbele yangu, hafichi. Nikamwambia, kula, mama watoto. Kula ushibe." Akanisogezea bakuli. "Na wewe kula. Hapahapa."

Nilikula mbele ya baba kwa mara ya kwanza maishani. Akalikazia macho shavu langu.

"Mbona unatafunia kushoto?"

Magego yangu yote yapo, mama. Nilijaribu kuhamishia kulia. Sikuweza.

Habari hii haina shahidi wa pili, kwa hiyo haiendi gazetini. Nimeileta kwako. Baba anakusalimu, na mlango wa jikoni siku hizi hatuurudishi.

Lala salama.

Binti yako, mwenzako wa jikoni